Mafuta ya Ufuta kutoka Nakapanya

Daktari Noela aliigeuza skrini ya kompyuta ili mzee Chande naye aone.

"Mzee, unapaona hapa chini, upande wa kulia? Hapa pangetakiwa pawe peusi kote. Pafu ni hewa, na hewa kwenye picha ni nyeusi. Sasa angalia hiki."

Chande alisogeza miwani yake. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini, macho yake yalizoea kufuata uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, na hakuhitaji kuelekezwa mara mbili. Chini ya pafu lake la kulia palikuwa na kitu cheupe, kingo zake zimechanikachanika kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi butu.

"Ni nini hicho?"

"Bado hatujui, mzee."

"Daktari, mimi si mtoto. Nilijifunza kusoma ukubwani, kwa taa ya kibatari, mpaka nikapewa cheti. Karatasi zenu zote huwa nazisoma mbele na nyuma. Niambie."

Daktari Noela alikuwa binti wa Kimatengo, mdogo kuliko Ashura, mtoto wa kwanza wa Chande, lakini hakuwa mtu wa kuzungushazungusha maneno. Alimwambia kwamba makohozi yake yamepimwa mara mbili na kifua kikuu hakikuonekana. Damu nayo haikuonyesha fangasi. Picha ya kawaida ya kifua ilikuwa imeonyesha kivuli, na sasa picha ya ile mashine kubwa, siti-skani, imekionyesha kivuli chenyewe kuwa ni kivimbe. Kwa mtu aliyepandikizwa figo, kivimbe cha namna hii huwafanya madaktari waogope saratani kwanza.

Mkono wa Chande ulishuka wenyewe mpaka tumboni, upande wa kulia juu ya kinena, mahali lilipolala figo la dada yake.

Miaka miwili na miezi minne ilikuwa imepita tangu walazwe Dodoma, yeye kitanda hiki na Zuhura kitanda kile. Zuhura aliingia chumba cha upasuaji na mafigo mawili akatoka na moja. Tangu siku hiyo Chande alimeza dawa asubuhi saa mbili na jioni saa mbili, bila kukosa hata siku moja.

"Zile dawa," alisema daktari, "kazi yake ni kuwalaza walinzi wa mwili wako wasilipige figo la mgeni. Sasa walinzi wakilala, na mengine hupenya. Kama hii ni saratani, itabidi tuwaamshe."

"Wakiamka watalikuta figo la dada yangu."

"Wanaweza kulikuta, ndiyo. Nimezungumza kwa simu na wenzangu wa Dodoma. Wamekupa nafasi baada ya wiki tatu, uende wakachukue kipande cha hicho kivimbe wakipime. Lakini wanaona tusikae bure. Kuanzia Jumatatu asubuhi, dawa hii ya pili unaiacha, na hii ya kwanza unameza nusu."

Aliandika, kisha akauliza bila kuinua kichwa, kama mtu anayeuliza alilokwisha kuuliza mara nyingi.

"Kuna kitu kingine chochote unatumia? Mizizi, majani, dawa za Wamasai, chochote nje ya hizi tulizokupa?"

Chande akajinyoosha kitini. Swali hilo lilikuwa likimuudhi siku zote. "Daktari, tangu nilipotolewa nyuzi, hakuna jani wala mzizi uliopita kinywani mwangu. Hata chai ya tangawizi nimeikataa mbele za watu. Niliapa kwa dada yangu."

"Vizuri, mzee wangu," akasema Daktari Noela, akaandika: hatumii.

*

Nyumbani Msamala, Chande alimwambia mkewe Subira kwamba kipimo kimeonyesha kikohozi tu. Subira alimtazama, akaendelea kuchambua mchicha. Walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini na minne. Mwanamke wa namna hiyo humdanganyi, yeye ndiye hukuacha ujidanganye.

Mwezi ulikuwa wa saba, na baridi ya Songea ilikuwa imekaa barabara. Baada ya swala ya magharibi, Chande aliingia chumbani, akalala chali kwenye mkeka, kichwa kimeinamia nyuma, akafungua kichupa kidogo cha dawa ya macho ambacho dawa yake ilikwisha siku nyingi. Ndani mlikuwa na mafuta ya ufuta. Akadondosha matone matatu tundu hili la pua, matatu tundu lile. Akatulia hivyo mpaka akahisi uvuguvugu wake umeteremka.

Hakuiita dawa. Mama yao, kule Nakapanya, aliwalaza watoto wake wote mstari mmoja kila jioni ya kipupwe akawatia mafuta puani, mmoja baada ya mwingine, ili vumbi lisiwakamate kifuani. Kwa Chande hilo lilikuwa kama kunawa uso. Aliliacha alipohamia mjini, akalirudia alipotoka Dodoma, kwa sababu vumbi la vitambaa lilimkausha pua na aliogopa kikohozi kuliko alivyoogopa simba. Kikohozi kingeweza kumletea homa, na homa ingeweza kumwondolea figo. Basi alilainisha njia, kila jioni, miaka miwili na ushei.

Lakini mbona alikifungia kichupa ndani ya boksi la vifungo? Hapo hakupenda kujiuliza. Mtu anaweza kujua jambo na asilitazame, kama anavyopita mbele ya duka analodaiwa akageuzia uso upande wa pili.

Na mafuta yenyewe alikuwa akiletewa na Zuhura. Kila baada ya mwezi mmoja au miwili, kifurushi kilishuka kwenye basi la kutoka Tunduru na chupa ya lita moja ndani, ufuta wa shambani kwake uliokamuliwa palepale Nakapanya. Zuhura aliyatuma kwa ajili ya mboga.

Simu ikalia. Ilikuwa ni yeye.

"Shikamoo, achimwene." Hivyo ndivyo dada wa Kiyao amwitavyo kaka yake, na Zuhura hakuwahi kumwita vingine tangu ajue kusema.

"Marahaba, Zuhura."

"Mgeni wangu kaamkaje leo?"

Mgeni wake lilikuwa ni figo. Ulikuwa mzaha wao tangu wodini.

"Mgeni hajambo. Anakunywa, anakojoa, hana maneno."

"Mwambie asizoee sana, nikimhitaji namfuata." Akacheka, halafu akanyamaza, maana Chande alikuwa amekohoa. Alikohoa tena. "Achimwene, hicho kikohozi ni kile cha mwezi wa tano?"

"Baridi tu."

"Mpe simu wifi."

Chande alimpa Subira simu, na Subira akatoka nayo uani. Aliporudi alisema, "Anakuja Jumamosi. Na mimi nimemwambia twende wote hospitali Jumatatu tukamsikie huyo daktari kwa masikio yetu. Unadhani hatuna masikio, baba Ashura?"

*

Zuhura alifika Jumamosi alasiri, kachoka kwa safari ndefu, kabeba chupa mpya ya mafuta na mfuko wa mihogo mikavu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwembamba, mwenye kucheka haraka na kukasirika haraka zaidi. Subira alimsimulia yote wakiwa jikoni, maana kufikia hapo Chande alikuwa amekwisha kusema. Hakuwa na jinsi: ile karatasi ya kupunguza dawa ilikuwa mezani.

Alipotoka jikoni Zuhura hakulia. Alikaa karibu na kaka yake, akamwekea mkono tumboni juu ya shati, hadharani, jambo ambalo hangelifanya kwa mwanamume mwingine yeyote.

"Wakilitoa, nitakuwa nalo moja na wewe huna kitu," akasema taratibu. "Tutakuwa tumegawana hasara."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Nilipolitoa, watu wa kijijini waliniambia nimejikata bure. Niliwajibu: njooni muone kaka yangu anavyotembea. Sasa niwajibu nini?"

Baada ya magharibi, Zuhura alipita mlango wa chumbani akamkuta Chande amelala chali, kichupa mkononi. Chande aliona haya kama mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni. Lakini Zuhura akaachia kicheko.

"Yaani bado? Mpaka leo unajitia mafuta ya mama?"

"Pua hukauka."

"Sogea huko." Akajilaza kwenye ncha nyingine ya mkeka, kichwa nyuma. "Nitie na mimi. Kama zamani. Unakumbuka ndugu yetu Abdulatifu alivyokuwa akitoroka kwenye mstari, mama anamkimbiza na kichupa mpaka kwa jirani?"

Chande alimdondoshea, moja, mbili. Zuhura alikuwa bado anacheka, na la tatu likamkuta anavuta pumzi. Aliinuka ghafla, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, akapiga kifua kwa ngumi.

"Yameingia ndani!" alisema akitweta. "Mafuta yako yameniingia kifuani, achimwene. Unataka kuniua na nusu iliyobaki?"

Wakacheka wote wawili, na kwa kitambo kile hapakuwa na saratani ndani ya nyumba.

*

Jumapili asubuhi Chande alifungua kibaraza chake cha kushonea. Kulikuwa na sare za shule za kumalizia, na mikono yake ilitaka kazi. Cherehani ilikuwa nzito kidogo, basi kabla ya kuanza akachukua kopo la mafuta ya mashine, akadondosha kwenye matundu ya juu, akakanyaga pedeli ili yapenye. Akatandika kitambaa kibovu chini, kama alivyofanya maelfu ya mara. Kila fundi anajua sababu: mafuta ukiyatia juu, hutokea chini. Usipotandika, sare nyeupe ya mtoto wa mtu itapata doa.

Aliinua kitambaa. Doa lilikuwapo, la mviringo, kingo zake zimechanikachanika.

Akalitazama. Mguu ukasimama juu ya pedeli.

Matone sita kila jioni. Akajaribu kuhesabu jioni za miaka miwili na miezi minne, akaona ni upuuzi kuhesabu, ni mafuta mengi tu. Aliyatia juu. Mengine aliyameza, alihisi ladha yake kooni. Lakini si yote. Akilini akamwona Zuhura ameinuka anapiga kifua. Zuhura alikohoa kwa kuwa alikuwa akicheka na yakaingia kwa kishindo. Yeye Chande hulala ametulia, yanateremka polepole, hakohoi. Kama hayatoki, yapo wapi? Chini kuna nini?

Chini kuna pafu.

Halikuwa tumaini lililotangulia. Ilikuwa ni aibu. Maana kama ni kweli, basi mwezi wa tano alipoulizwa na daktari alijua la kujibu, na mwezi wa sita, na Alhamisi iliyopita. Aliulizwa kuhusu chochote, akajibu kuhusu majani na mizizi. Hakusema uongo hata neno moja, na kwa ukweli wake huo alikuwa karibu kulipoteza figo la dada yake.

Na akisema, Zuhura atajua kwamba mafuta yenyewe yalitoka mikononi mwake.

Alifunga kibaraza kabla ya adhuhuri. Nyumbani hakula. Alitoa kichupa kwenye boksi la vifungo akakitia kwenye mfuko wa koti.

*

Jumatatu saa moja na nusu walikuwa mlangoni kwa daktari, Chande, Subira na Zuhura, kwenye benchi la mbao. Mkononi Chande alikuwa ameshika pakiti mbili za dawa na saa yake ya mfukoni kaiweka juu ya goti. Saa mbili ilikuwa saa ya dawa. Nusu kidonge kilikuwa kimekatwa tayari na Subira, kimefungwa kwenye karatasi.

Daktari Noela alitokea dakika tano kabla ya saa mbili. "Shikamooni wazee wangu. Mbona mapema?"

"Daktari, kabla sijameza hii nusu kuna jambo."

Waliingia wote. Chande hakukaa. Alitoa kichupa akakiweka juu ya meza, na sauti yake, ambayo kwa kawaida ilikuwa ya mtu anayesomea watu gazeti, ikawa ndogo.

"Uliniuliza kama natumia kitu kingine. Nikakujibu habari za mdomo. Hiki nakitia puani. Mafuta ya ufuta, matone sita, kila jioni, tangu nitoke Dodoma. Nikilala chali."

Daktari alikishika kichupa, akakifungua, akanusa. Uso wake ulibadilika mara mbili: kwanza ghadhabu, halafu kitu kingine, kama mtu aliyekumbuka alipoacha funguo.

"Kila jioni?"

"Kila jioni."

"Mzee Chande, mwezi wa tano nilikuuliza!"

"Uliniuliza."

Daktari alishafungua kompyuta na kuita ile picha. Aliisogeza, akaikuza, akaweka alama ndogo ya duara katikati ya kivimbe, na namba ikatokea. Akaisogeza alama pembeni kidogo, namba nyingine ikatokea. Akampigia simu mtaalamu wa picha wa chumba cha pili, wakasemezana haraka kwa Kiingereza. Saa mkononi mwa Chande ilionyesha saa mbili na dakika tatu. Zuhura alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Njooni muone," alisema daktari hatimaye. "Mashine hii hupima uzito wa kila kitu inachokipiga picha. Maji ni sifuri. Nyama iko juu ya sifuri, na saratani ni nyama. Sasa hapa katikati panasoma hasi themanini. Hapa hasi sitini. Kinachosoma hivyo mwilini ni mafuta." Akashusha pumzi. "Sisi tuliangalia kwa macho ya watu wanaotafuta saratani, tukaona umbo tu. Hatukuwa na sababu ya kutafuta mafuta ndani ya pafu."

"Kwa hiyo si saratani?" Subira akauliza.

"Mama, siwezi kuapa. Lazima wachukue maji ya pafu wayapime. Lakini nitaomba wampokee wiki hii, si baada ya wiki tatu. Na hiyo nusu," akainyooshea kidole karatasi iliyokunjwa, "itupe. Meza dawa zako zote, kama zamani, sasa hivi."

Chande alimeza. Maji yalimmwagikia kifuani. Alipogeuka, Zuhura alikuwa ameshatoka.

Alimkuta kwenye ukumbi, amesimama kuelekea ukutani.

"Ni mafuta yangu," alisema bila kugeuka.

"Wewe uliyatuma ya mboga. Kosa si lako."

"Najua kosa si langu! Usinigawie kosa, sijaliomba." Akageuka, na macho yake yalikuwa makavu na makali. "Miezi mitatu unakohoa, unaulizwa, unakaa kimya na kiburi chako cha kusoma karatasi. Nilikupa figo, ukashindwa kunipa neno moja? Chande!"

Hakuwahi kumwita kwa jina, si utotoni, si siku waliyogombana juu ya shamba la marehemu baba. Watu waliokuwa kwenye mabenchi waligeuka. Chande alisimama pale na koti lake lililopigwa pasi.

*

Dodoma walimwingiza mpira mwembamba kifuani, wakamwaga maji ndani ya pafu na kuyavuta tena. Muuguzi alimwonyesha chupa: juu ya maji palielea utando, kama supu iliyopoa. Majibu yalikuja baada ya siku sita. Zilionekana chembe za mwili zilizojaa mafuta, zimeyameza zisijue la kuyafanya. Hapakuwa na saratani wala kifua kikuu. Waliandika aache mafuta, arudi kwa picha kila baada ya miezi mitatu. Kivimbe kitanywea, walisema, ila huenda kisiishe chote, na kovu likabaki. Figo lilikuwa linafanya kazi kama siku ya kwanza.

Chande aliisoma barua hiyo mbele na nyuma, akaikunja. Furaha ilikuwapo, lakini haikukaa vizuri, kama koti la mtu mwingine. Zuhura alikuwa amesharudi Nakapanya. Alipopiga simu, alimpigia Subira, akauliza hali, akapewa majibu ya vipimo, akamshukuru Mungu kwa sauti ambayo Chande aliisikia kutoka upande wa pili wa meza, akakata.

Ikawa hivyo mwezi wa nane wote. Kikohozi kilikuwa kinapungua. Chande alishona, alimeza dawa saa mbili na saa mbili, na pua ilikauka mpaka ikapasuka, akaivumilia. Simu ilipolia alikuwa akiitazama kwanza aone kama ni Zuhura.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa kifurushi kilishuka kwenye basi la Tunduru. Subira alikifungua. Ndani kulikuwa na chupa ya lita moja ya mafuta ya ufuta, imezungushiwa plasta pana ya hospitali, na juu yake, kwa maandishi makubwa ya Zuhura yaliyoinama upande: YA SUFURIA.

Chande aliisoma, akaisoma tena. Akainua simu mwenyewe. Iliita sana.

"Haloo."

"Zuhura. Mzigo umefika."

Nyuma ya Zuhura kuku walisikika, na mtu akitwanga.

"Mgeni wako hajambo," Chande akasema. "Anakunywa, anakojoa."

"Sijakuuliza mgeni," Zuhura akajibu. "Pua je?"

"Kavu. Inauma."

"Wacha iume." Mtwangio ukasimama. Alivuta pumzi, ndefu, kama mtu anayetua mzigo kichwani. "Shikamoo, achimwene."